Duara Kamili la Shemeji

Nianze na aibu ili tuimalize mapema: mimi nina wivu. Si wivu wa mke, huo kila mtu anao. Wangu ni wivu wa sifa. Mtu akisifiwa mbele yangu naona donge, hata kama anayesifiwa ni maiti.

Kazi yangu ni kukereza vyuma. Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya mashine moja, kwenye kibanda cha mwisho cha gereji yetu, nyuma ya rundo la matairi ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nani. Kwa kuwa nabishania hata unene wa unywele, waliniita Milimita, na jina likanikaa. Tabu ya kazi hii ni kwamba haionekani. Chuma kinaingia kibovu, kinatoka kizima, kinafichwa ndani ya injini, na shukrani anapewa aliyefunga boneti.

Na aliyefunga boneti, kwa miaka minne sasa, ni shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Wanamwita Pumzi, kwa sababu kila mteja humwambia, "Injini ni kama mtu, iache ipumue." Mimi ndiye niliyemwonyesha spana inashikwa upande gani. Leo anatembea gerejini mikono nyuma, kama mkaguzi.

Sifa zake zilitokana na throto. Injini ya petroli ina koo la kuvutia hewa, na hilo koo ndilo tunaloliita throto. Ndani yake mna kisahani cha shaba kilichofungwa kwenye mhimili. Dereva akikanyaga mafuta, kisahani kinageuka, hewa inaingia, injini inanguruma. Sasa lori kuukuu ukilipanua koo milimita mbili tatu, ukalitia kisahani kipana zaidi, linaacha uvivu. Unagusa tu, limeondoka. Madereva wana neno lao la hali hiyo: linaitika. "Lori langu siku hizi linaitika, bwana, hata halisubiri uliite mara ya pili!"

Haya, niulizeni nani anapanua koo. Mimi. Nani anakata kisahani? Mimi. Pumzi anafungua skrubu nne, ananiletea, anakwenda kunywa chai, anarudi, anafunga skrubu nne. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, lakini naona madereva hawakuwasikia. Kwa mama mkwe ndiyo usiseme. Tukienda kumsalimia, mwanawe ananyanyukiwa kiti, mimi naulizwa kama mvua imenyesha kwetu. Hata mke wangu, anayeshona makava ya viti vya magari kwenye kibanda kinachopakana na changu, jioni moja alisema mezani, "Mdogo wangu ana kipaji, jamani." Nikasukuma sahani, nikasema nimeshiba. Sikuwa nimekula.

Basi nikaanza visa. Pumzi akileta kazi, namwambia mashine ina shughuli, njoo Alhamisi. Alhamisi ikifika namwambia njoo Jumatatu. Mashine imekaa kimya, imefunikwa turubai, na sote wawili tunaitazama.

Ndipo akaja Mama Tangi. Huyu ni mwanamke wa makamo, mjane, anaendesha lori lake la maji na anaingia nalo vichochoro ambavyo wanaume wanaviogopa hata kwa baiskeli. Lori lilikuwa linamchelewesha kwenye mlima, likijaa maji linasita. Pumzi akamwahidi litaitika. Akaniletea koo, na safari hiyo nililipanua siku ileile, maana Mama Tangi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, na mtu mwenye wivu hapendi kuonekana. Ila kisahani nilisema asubiri wiki ijayo.

Hakusubiri. Kesho yake saa tatu asubuhi aliingia kibandani kwangu anatabasamu.

"Shemeji, nimekupunguzia kazi. Kisahani nimekichonga mwenyewe kwa tupa, usiku kucha. Hebu kipime."

Nikakipima. Nikakigeuza, nikakipima tena. Kila upande kipimo kilekile. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge.

"Duara kamili," akasema.

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Kisahani cha throto hakitakiwi kuwa duara kamili. Kikijifunga kinalala kwa mshazari kidogo, kwa hiyo lazima kiwe kirefu upande mmoja kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na kingo zake ziwe zimelala vilevile. Mimi huifunga shaba juu ya kipande cha chuma nilichokikata mshazari, ndipo ninakikereza. Pumzi hajapata kuona, yuko kwenye chai. Wala sijapata kumwambia. Kisahani cha duara kikilala, hewa inapita pembeni, injini inanguruma yenyewe. Ukikinyoosha ili isingurume, kinabana kooni kama kizibo. Dereva anakanyaga, kimya. Anakanyaga zaidi, kinabanduka kwa mara moja, na lori linaruka.

Yote hayo niliyajua nikiwa nimekishika mkononi. Nikaona picha nzima: lori linagoma, madereva wanacheka, Pumzi anakuja na uso umemshuka, "Shemeji, nisaidie." Picha ikawa tamu.

"Kimetoka vizuri," nikasema, nikamrudishia.

Saa sita mchana Mama Tangi aliondoka na lori kwenda kuchota maji. Saa nane alirudi. Aliteremka taratibu, akazunguka mbele kutazama bampa. Kwenye bampa palikuwa na chokaa nyeupe ya ukuta wa mtu.

"Linasita, halafu linaruka," akamwambia Pumzi. "Nilikuwa nataka kusogea hatua mbili tu. Nikajikuta ukutani."

"Ni kuzoea tu, mama. Linaitika kuliko ulivyozoea." Akafungua boneti, akakaza hiki, akalegeza kile. Jasho lilimtoka. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, kikombe mkononi. Niliiona ile chokaa. Nilijiambia akija kuniuliza nitamwambia, mwenyewe si fundi? Aje aulize. Nikanywa chai yangu mpaka majani.

Hakuja kuuliza. Aliingurumisha injini, ikapokea vizuri mara tatu mfululizo, akapiga makofi, akaita kibanda cha pili:

"Dada! Njoo! Kava la kiti umeshona wewe, koo nimetengeneza mimi, panda tukalijaribu mlimani. Ukamwambie mama umeliona kwa macho yako."

Mke wangu akatoka, sindano bado imechomekwa begani kwenye gauni, anacheka kama binti wa shule. Mama Tangi alishapanda, mikono kwenye usukani. Mke wangu akaweka mguu kwenye ngazi.

Kikombe sijui kilianguka saa ngapi.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Shuka humo! Zima injini! Hicho kisahani kitawaua!"

Gereji nzima iligeuka kutazama. Nilifika nikiwa nahema, nikaingiza mkono chini ya boneti, nikamwamuru Pumzi alete spana, na mbele ya kila mtu nikalifungua lile koo. Nikaonyesha kingo zilivyokwaruzwa. Nikachukua kisahani cha zamani nilichowahi kukata, nikakipima urefu, nikakipima upana, nikaeleza habari ya mshazari kwa sauti kama mhubiri. Madereva walikuja, wakasogea, wakapokezana vile visahani. Mmoja akasema, "Kumbe mwenyewe ni huyu!" Mwingine akasema, "Na sisi miaka yote tunampongeza mfunga skrubu." Pumzi alisimama, macho chini.

"Sikujua, shemeji," akasema. "Wallahi sikujua. Namshukuru Mungu wewe uliona."

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka minne. Nitasema ukweli, nilivimba. Kwa dakika mbili hivi nilikuwa mtu mrefu.

Mama Tangi alikuwa bado kwenye kiti chake, mlango wazi. Alikipokea kile kisahani cha duara, akakigeuzageuza.

"Fundi," akaniuliza kwa upole, "hiki ulikiona saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mimi ni Milimita, mdomo wangu umezoea kutaja kipimo.

"Saa tatu," nikasema. "Asubuhi."

Akatazama saa yake ya mkononi, ilikuwa saa tisa. Akatazama bampa yenye chokaa. Halafu akanirudishia kisahani, akachukua mkoba wake, akatoka kwa miguu bila kumuaga mtu. Madereva nao wakakumbuka kila mmoja ana kazi yake. Pumzi aliinua macho akanitazama, na sikuona hasira ndani yake, ingekuwa afadhali.

Mke wangu alikuwa ameng'oa sindano begani, anaichoma na kuichomoa kwenye kipande cha kitambaa.

Jioni ile nilikata kisahani kipya. Nilimwita Pumzi asimame karibu, nikamwonyesha kile chuma cha mshazari na jinsi shaba inavyofungwa. Alitazama mpaka mwisho, akasema asante, akaondoka. Hakuniita shemeji.

Nyumbani nilikaa sebuleni. Mke wangu alikuwa jikoni, nasikia kisu kinagonga ubao. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwita mara mbili, hata akiwa amekasirika. Naita, naye anajibu "abee" kabla sijamaliza jina. Nikamwita. Kisu kikaendelea. Nikamwita tena. Nikaita ya tatu, kisha nikanyanyuka nikasimama kwenye mlango wa jiko.

"Mama watoto, nakuita. Husikii?"

"Nasikia."

"Mbona huitiki?"

Akaweka kisu chini, akajifuta mikono, lakini hakugeuka.

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Kutoka saa tatu mpaka saa tisa ni saa ngapi?"