Sekunde Nane za Guku Masanja

Siku ya kwanza kazini niliingia ofisi ya mradi hapa Bariadi na viatu vya shule, maana sikuwa na vingine. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mhandisi, mtu wa Dar es Salaam, akaniangalia. "Wewe ndiye sauti? Mbona huongei?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kompyuta inawapigia simu wakulima wa pamba, wanasikia onyo lililorekodiwa kwa Kisukuma. Mimi ndiye niliyerekodi. Chumbani peke yangu na kinasa sauti, sikuona aibu kabisa.

Tatizo likawa kijiji cha Lingeka. Wazee walikata simu kabla ya onyo kuisha, na wiki ile afisa ugani alikuwa ameshaona funza wa vitumba, wale wanaotoboa pamba ikiwa changa. "Wakikata tena," Mhandisi alisema, "pamba yao itaishia shambani."

Kila simu ilihifadhiwa, basi akafungulia ya Guku Masanja. Guku ni babu, na mayu ni mama, hata binti huitwa hivyo. Nikajisikia nikisema, "Mwangaluka, guku." Mzee wa watu akaanza kuitikia vizuri, "Mwangaluka, mayu, mmeamkaje huko, ng'ombe je..." Sauti yangu ikampita juu kwa juu, inataja dawa. "Katoto haka hakana adabu!" Akakata.

Nililia chooni, sifichi. Nilipotoka nikasema bila kuulizwa, "Bosi, tuache nafasi aitikie."

"Kimya? Watadhani mtandao umekata."

"Kwetu ukimsalimia mkubwa unasubiri amalize. Sekunde kumi."

"Tano."

"Nane, bosi. Ataulizia na ng'ombe."

Akacheka, akaweka nane.

Kesho yake Guku aliitikia yote, akanyamaza, akasikiliza mpaka mwisho. "Haya mayu, ngoja nikawatazame hao funza." Afisa ugani alipofika kule, alimkuta ameshapiga dawa.

Mkataba uliisha mwezi uliopita. Nimestaafu kabla sijapata kitambulisho cha taifa. Wadogo zangu mkipata kazi kama hii, msimwogope bosi wiki tatu nzima kama mimi.

Juzi mnadani afisa ugani akanionyesha Guku mwenyewe. Nikapiga goti, nikamsalimia.

"Ni wewe wa kwenye simu? Mbona mfupi hivi!" Akaitikia, akaulizia nyumbani, kisha akavua kofia, akaniinamia kwa sikio. "Haya, sema."

Sikuwa na onyo lolote. "Leo nimekuja kukusalimia tu, guku."

"Ah, kumbe! Basi kaa. Wale wa kwenye simu wana haraka."