Kula Si Lazima

Kila ninapofungua kopo la rangi nyeusi ya viatu, nakasirika. Wanangu wamezoea, Jumapili jioni nikianza kuvipiga brashi viatu vyao vya shule, hunipisha. Hawajui kwamba hasira ile si yao. Ni ya miaka ya themanini, ya darasa moja la shule ya msingi pale Gede, na ya vipande vya mti ambavyo Mwalimu Mutiso alivichonga vikawa sataranji.

Mwalimu Mutiso alikuwa mtu wa bara, mrefu, mkavu, mwenye subira ya kuudhi. Alichonga majeshi mawili kwa kisu. La kwanza akaliacha na weupe wa mti wenyewe, la pili akalipaka rangi ya viatu. Rangi ile haikukauka kamwe. Joto la kwetu mnalijua. Kila aliyecheza na weusi alirudi nyumbani na vidole vyeusi, na muhogo wa kukaanga alioula njiani ulikuwa na ladha ya kiatu. Mama yangu aliniuliza kama nimeajiriwa na fundi.

Tuliobaki baada ya masomo kujifunza mchezo huo tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu Kadzo, na Charo. Sote watatu tulikuwa tumelelewa na drafti. Pale Gede ilichezwa kwa vizibo vya soda kila penye kivuli na kigogo cha kukalia, na sheria yake kuu mtoto aliijua kabla hajajua sala zake: kula ni lazima. Ukiona cha kula unakula, hata kama ni mtego, hata kama machozi yanakutoka. Usipokula, mwenzako anakiondoa kizibo chako kwa adhabu na watazamaji wanakucheka. Mwalimu alitwambia tangu siku ya kwanza kwamba kwenye sataranji kula ni hiari. Tukaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Kuitikia ni rahisi.

Jumatatu moja alichora fumbo ubaoni. Weupe walikuwa na mfalme, ngome, na askari mmoja aliyebakisha hatua moja tu kufika mstari wa mwisho, pale ambapo askari hugeuka malkia. Weusi walikuwa na mfalme na ngome, na ngome yao ilikaa kwenye mstari huo huo wa mwisho, ikimsubiri askari aingie imle.

"Weupe waanze, na washinde," akasema. "Majibu Ijumaa. Atakayepata nitakwenda naye Mombasa kwenye mashindano ya shule. Tutarudi Jumapili. Nafasi ni moja."

Mombasa! Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na dunia yangu iliishia Malindi. Jumanne asubuhi nilikuwa nimelipata jibu, na Jumanne jioni Gede nzima ilijua kwamba Rukia anakwenda Mombasa. Nilimwambia mama wa mahamri, nikamwambia kinyozi, nikawaambia hata watu niliokuwa nimekatazwa kusema nao. Mama alinitolea gauni la Idi sandukuni. Jibu lenyewe lilikuwa hili: naiweka ngome yangu kwenye njia ya ngome yao, bila mlinzi. Wanaila. Wakishaila wameuacha mstari wa mwisho, na askari wangu anaingia anakuwa malkia. Nilijiona nina akili kuliko mwalimu.

Jumatano wakati wa mapumziko nikamwonyesha Kadzo. Kadzo alitoka vijiji vya ndani, njia ya kuelekea Ganze, alikokaa na hawe wake, ndivyo walivyomwita nyanya. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Aliutazama ubao wetu wa karatasi muda mrefu mpaka nikaanza kumchukia.

"Rukia," akasema, "na asipokula?"

"Atakula. Nani huacha ngome ya bure?"

"Mimi ningeiacha. Ningeisogeza yangu hapa, mbele ya askari wako, nikae. Utapita wapi?"

"Kula ni lazima!"

"Hiyo ni drafti."

Kisha, bila mimi kumwomba, akanyoosha kidole chake chenye rangi. "Lakini ukiiweka ngome yako huku juu, ubavuni mwa—"

Nikavikumba vipande vyote kwa mkono. Nikamwambia asinifundishe, kwamba ana wivu, kwamba anaitaka Mombasa yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Kadzo hakuwa mkuu wangu, tulikuwa rika moja, kwa hiyo nikaona methali hainihusu. Yeye aliokota vipande kimoja kimoja akavirudisha kwenye kopo vilimotunzwa. Alhamisi akanifuata tena, mkaidi yule. "Nisikize kidogo tu," akasema. Nikaziba masikio yote mawili na kuimba.

Ijumaa Mwalimu aliniita wa kwanza. Nikaichora ngome yangu ubaoni, nikarudi nyuma hatua moja ili watu waione vizuri.

"Sawa," akasema. "Mimi ndiye mweusi. Sili."

Sili! Akaifuta ngome yake kwa kiganja, akaichora upya mbele ya askari wangu. "Endelea."

Nilisimama na chaki mkononi. Askari wangu alikuwa amezibiwa njia. Charo alicheka mpaka akalala juu ya dawati, na mimi nikawa nawahesabu watu wote niliowaaga.

Kadzo naye alipoitwa, alitoa karatasi tupu. Tupu! Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Aibu yangu ningeweza kuimeza, lakini mtu kulijua jibu na kulikalia?

"Anajua, Mwalimu!" nikapiga kelele. "Anajua tangu Jumatano!"

Mwalimu akampa chaki. Kadzo akaichora ngome nyeupe kwenye mstari wa mwisho, ubavuni mwa pale askari anapotaka kuingia, upande ilikokaa ngome nyeusi.

"Wakiila," akasema kwa sauti ndogo, "askari anaila yao kwa pembeni, anakuwa malkia hapo hapo. Wasipoila, imeshamkinga. Anapanda tu."

Mwalimu akapiga makofi peke yake. "Basi wa Mombasa ni wewe, Kadzo."

"Siwezi, Mwalimu. Jumamosi na Jumapili nateka maji. Hawe haoni."

"Nitakuja niongee na wazee wako."

"Hakuna wazee, Mwalimu. Ni mimi na hawe."

Nafasi akapewa Charo, ambaye jibu lake lilikuwa kwamba askari amruke mfalme. Jumatatu aliporudi shuleni, Kadzo alimkalisha akamwuliza maswali kama hakimu. Kivuko cha Kilifi kinabebaje basi zima kisizame? Watoto wa huko wanachezaje? Bandarini meli zina urefu gani? Charo akasema alitapika njiani, akala chipsi, akashindwa michezo yote. "Na kivuko?" Alikuwa amelala. Mimi nilicheka kwa furaha mbaya kabisa. Kadzo hakucheka.

Kwa miaka mingi kosa lile nililihesabu kuwa lake. Angenishika kwa nguvu nisikie. Angeandika kitu kwenye ile karatasi, akawa na haki ya kuringa. Tulipokutana tukiwa watu wazima, kwenye arusi moja Kilifi, bado nilikuwa na kinyongo cha kitoto, nikamwuliza sahani za pilau zikiwa mapajani.

"Ulijua huendi. Kwa nini ulinihangaisha na lile jibu siku mbili nzima?"

Akanitazama kwa utulivu wake ule ule unaoudhi.

"Nilitaka aende mtu anayejua kusimulia," akasema. "Wewe ungenisimulia wiki nzima."

Nikaiweka sahani chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiililia safari yangu tu.