Saa Niliyoichagua kwa Hasira

Sikuwahi kuwapenda watu wanaotembea bila safari. Kisumu siku hizi wamejaa, asubuhi kando ya ziwa, viatu vyeupe, chupa ya maji mkononi, wanaenda mbio hadi mahali fulani halafu wanageuka kurudi walikotoka. Miaka yote niliwapita nikiwa juu ya lori na niliwacheka. Kisha presha yangu ikapanda, daktari wa kampuni akakataa kutia sahihi cheti changu cha udereva, nikateremshwa.

"Miezi miwili," alisema. "Tembea, punguza kilo, rudi tupime. Ukipita, lori lako linakungoja."

Nisipopita itakuwaje hakusema, lakini madereva wasio na lori tuko wengi.

Nilianza na malori ya miwa kule Muhoroni nilipomaliza kidato cha nne, kabla hata sijapata leseni. Nilikuwa nikikimbia nyuma ya lori linalokwenda, ninashika mnyororo, ninaruka juu. Hakuna aliyenihesabia hatua. Baadaye Malaba, Kitale, Lodwar, mahali ambapo unaamka na hujui jina la mlima ulio mbele yako. Nyumba sikujenga. Kwa hiyo nilipoteremshwa ilibidi nikae kwa dada yangu mkubwa, mtaa wa Manyatta, kwenye chumba cha nyuma anachowekea magunia ya mchele wa Ahero anaouza.

Yeye ameishi nyumba hiyo moja tangu aolewe, na mumewe amefia humo. Mtu asiyekaa mahali pamoja anamwona kama mgonjwa.

"Umezunguka Kenya nzima, owadwa," aliniambia siku ya kwanza, "na hata kuku huna."

Owadwa kwa Kijaluo ni ndugu yetu, lakini kinywani mwake lilikuwa tusi.

Wiki ya pili alisema haamini kwamba natembea. "Unaenda kuketi na madereva wenzako pale stendi, unarudi unajifuta jasho. Nunua ile saa ya kuhesabu hatua. Nataka kuona namba."

Nikaenda kuinunua ili nimnyamazishe. Hiyo ndiyo sababu yote.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, aliyezaliwa mjini hapa na anayezungumza Kijaluo kunishinda. Alinitolea tatu. Moja ilikuwa nyembamba kama mkanda wa mtoto, sikuigusa. Ya pili ilikuwa kidude kisicho na mkanda, cha kubana kiunoni. Ya tatu ilikuwa kubwa, nyeusi, kioo kama cha simu, inapima mapigo ya moyo na inakaa siku kumi bila chaji.

"Hebu tembea hadi mlangoni, Mzee," alisema.

Mzee! Nina miaka arobaini na sita. Nilitembea hadi mlangoni nikarudi.

Akacheka. "Unatembea mikono nyuma kama chifu. Hii ya mkononi inafuata mkono. Mkono ukilala, yenyewe inajua umelala. Chukua ya kiuno. Haina maringo, lakini itakuhesabu vizuri."

"Mimi sikuja kufundishwa kutembea."

"Basi chukua unayotaka. Lakini usirudi hapa kunigombeza. Ikishatoka mlangoni sibadilishi."

Nikachukua kubwa nyeusi. Ile ya kiuno dada yangu asingeiona.

Kesho yake nilitembea kutoka Manyatta hadi Dunga na kurudi. Ni mwendo wa kweli, jua lilinipiga utosini, kisigino kikachubuka. Nilipofika niliitazama saa. Hatua mia nne na kidogo. Dada yangu alivaa miwani ili asome vizuri.

"Mia nne. Hiyo ni kwenda chooni na kurudi."

"Nimefika Dunga!"

"Saa inasema hapana."

Baada ya hapo nilitembea nikirusha mikono kama askari wa gwaride, na wanaume wa bodaboda wakaniita Jenerali. Namba zikapanda, na chuki ikapanda nazo. Nilimchukia mama wa duka kwa kusema kweli, nikawachukia watu wa viatu vyeupe walioanza kunisalimu kana kwamba mimi ni mwenzao.

Kisha tukaenda Bondo, kwenye matanga ya shangazi yetu. Huko kwetu humwamkii mtu kwa mbali. Unapita kwenye mstari wa wafiwa, unashika kila mkono na unautikisa, na mstari ulikuwa mrefu, umeanzia langoni hadi kwenye hema la jeneza. Nilikuwa nimefika kwa mume wa marehemu, nimemshika kwa mikono miwili, saa ikaanza kutetemeka. Ikalia. Kioo kikarusha fataki za rangi, na kikombe cha dhahabu kikatokea katikati. Nilikuwa nimetimiza lengo la siku, kwa kutikisa mikono ya pole.

Mzee yule aliitazama mpaka zile fataki zikaisha. "Umeshinda nini, Baba?" akauliza.

Dada yangu aliivua saa mkononi mwangu mbele ya watu wote, akaitia mkobani mwake. Tuligombana njia nzima ya kurudi. Nilisema ni yeye aliyeitaka. Alisema yeye alitaka nitembee, hakutaka nisherehekee msiba. Kesho yake aliitupa kitandani kwangu, nikaivaa tena.

Miezi miwili ilipotimia nilikwenda kwa daktari, namba zote za saa zikiwa tayari kwenye simu. Kilo zilikuwa zimeshuka, alikiri. Akanifunga mkono kwa kile kitambaa, kikajaa hewa, kikapungua. Akarudia mara ya pili. Akarudia mkono wa kushoto.

"Bado iko juu."

"Tazama hatua," nikasema na kumsogezea simu. "Elfu nane. Elfu tisa."

Hakuzitazama. Alipita hatua zote akafungua ukurasa wa mapigo ya moyo, ambao sikuwahi kuufungua hata mara moja, na akaushusha taratibu kwa kidole, siku baada ya siku.

"Asubuhi ukitembea moyo wako uko sawa. Sasa hapa, saa moja jioni. Kila siku saa moja. Unapanda ghafla, unakaa juu saa nzima. Huwa unafanya nini?"

"Naketi."

"Unaketi tu?"

"Naketi na dada yangu. Tunatazama taarifa ya habari."

"Mnazungumza?"

"Tunagombana."

Alicheka kidogo, lakini kalamu haikucheka. Aliandika nirudi baada ya wiki sita nyingine. Cheti hakukitia sahihi. Nilipofika ofisini kwa meneja wa malori, lori langu lilikuwa limekwisha kuondoka kwenda Lodwar na mtu mwingine. Meneja alisema nikipona nimpigie, tutaona. Ninalijua neno tutaona. Mimi mwenyewe nimewaambia wengi.

Dada yangu alikuwa akipima mchele kibandani nilipomkuta.

"Umepita?"

"Sikupita. Daktari anasema ni wewe."

"Mimi?"

Nikamwonyesha mistari. Hakuvaa miwani safari hii. Ilionekana hata kwa mbali. Niliona akihesabu siku kwa midomo, na nadhani alikuwa akikumbuka ugomvi wa kila siku, kwa sababu mara mbili alisonya. Nilingoja aseme pole. Simjui akisema pole.

Jioni ile, saa moja ikikaribia, alifunika sahani yangu kwa sahani nyingine. Akafungua mlango wa mbele.

"Toka. Katembee mpaka taarifa iishe."

"Giza linaingia, nyaminwa, dada yangu."

"Si wewe dereva wa Lodwar? Toka. Wiki sita. Halafu ukapite uondoke nyumbani kwangu."

Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia komeo likiingia mahali pake.