Tanuru Nililolivundika

Siku ile Mwalimu wa shule yetu alipopanda kilima kuja kwetu Rugu, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake, maana alinikuta nafukua shimo la ndizi. Ninyi wa leo mashimo hayo hamyajui. Tulikuwa tukiwasha moto ndani, shimo likipata joto tunatoa makaa, tunapanga ndizi, tunafunika majani na udongo, zinaiva kwa fukuto; ndiko kuvundika. Rubisi yangu, pombe ya ndizi hizo, ilisifiwa hadi Igurwa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na kiburi cha watu watatu.

"Wewe unajua moto," Mwalimu akaniambia. "Simamia kuchoma matofali ya shule."

Shule yetu ilikuwa kibanda cha nyasi. Mvua ikinyesha, watoto wanarudi nyumbani. Wazazi walikuwa wamefyatua matofali kiangazi chote, na vuli ilikuwa karibu. Mimi sikuwahi kuchoma hata tofali moja. Ningesema hivyo, nani angenipiga? Lakini thubutu! Nikajibu, "Kazi ndogo hiyo, Mwalimu."

Tukapanga tanuru, tukalikandika tope, tukawasha. Jioni ileile nikaamuru midomo yote ya moto izibwe, lifukute, kama nilivyozoea shimoni. Mzee mmoja akauliza kama si mapema mno. Nikamcheka, Mungu anisamehe.

Siku ya kufungua, kina mama walikuja tayari kubeba. Tofali la kwanza likanimeguka mkononi kama kiazi. La pili vilevile.

"Jamani, kavundika matofali!" mtu akapaza sauti, na kilima kizima kikaangua kicheko. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Nikafunga kifurushi changu. Bibi, mama yake baba, akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mjomba, Igurwa. Mimi ni mtu wa ndizi, Bibi. Acha nibaki na ndizi zangu."

"Ndizi zipi? Shimo lako la kwanza si lilioza lote, hatukunywa hata tone? Au ulizaliwa unajua? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sasa watoto wale walowe kwa sababu wewe umeona haya?"

Lo! Hilo la watoto lilinikata maini. Nikakiweka kifurushi chini.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamwambia neno ambalo sikuwahi kulisema: sijui. Hakunigombeza. Akanielekeza kijiji cha Ndama, kwa kijana mmoja mchoma matofali, mdogo kwangu kwa umri. Nikambebea kuni siku nne, nikiuliza kama mtoto. Moto unalishwa mpaka lini? Unajuaje kwamba yameiva? Alinicheka sana yule bwana, na mwishowe nikacheka naye.

Niliporudi tulipanga tanuru upya, kwa matofali mabichi yaliyobaki mazima na mengine tuliyofyatua mbio mbio. Safari hii tulililisha kuni siku tatu bila kuliacha. Tulipofungua nikachukua mawili nikayagonganisha, yakalia, ngi! Mama mmoja akapiga vigelegele, na mimi machozi yakanitoka mbele za watu. Mvua kubwa zilipoanza watoto walikuwa ndani wakisoma, na mimi nimesimama nje nalowa, nacheka peke yangu.

Kazi hiyo ndiyo iliyonitembeza hadi vilima vya Kyerwa, nikijenga shule na makanisa. Tofali moja bichi la tanuru lile la kwanza ninalo mpaka leo chini ya kitanda. Wajukuu hudhani nimechanganyikiwa.

Basi, mwanangu, ukiitwa kwenye kazi usiyoijua, itikia. Ila usiitikie kwa majivuno kama mimi. Sema, "Sijui, nifundisheni," hata kama wa kukufundisha ni mdogo wako. Ya jana uyajuayo ni mazuri, lakini usiyatumie kufunika kazi ya leo. Na ukiharibu, usikimbilie kwa mjomba. Rudi palepale ulipoharibu.

Mungu akupe kazi zinazokuzidi kimo, na siku utakapofunga kifurushi, akupe mtu wa kukuzibia mlango.