Plasta kwenye Jicho Zima

Ukitaka kujua Eldoret ina madaktari wangapi wa macho, mvalishe mtoto wa mwaka mmoja miwani kisha utembee naye kutoka steji hadi sokoni. Mimi nilijaribu Jumamosi moja na sokoni sikufika. Mama wa mboga alinisimamisha kuniuliza kama kijana ameshasoma mpaka macho yakaisha. Watu wa bodaboda walimwita profesa, wote kwa pamoja, na mmoja akamwuliza matokeo ya mtihani yanatoka lini. Mwenye duka la nguo aliivua miwani bila hata salamu, akaijaribu kwenye pua yake, akatangaza kwamba hiyo ndiyo inaharibu mtoto. Kisha akaja mzee mmoja wa tracksuit, maana Eldoret, mji wa wanariadha, hakukosekani mzee wa tracksuit, akamshika mtoto vigimbi vya miguu na kuvibonyeza kama anayenunua parachichi.

“Miguu iko,” aliniambia kwa huzuni. “Lakini mvua ikinyesha, atakimbiaje na miwani?”

Yaani mtoto hajaanza kutembea, tayari ameshaondolewa kwenye timu ya taifa.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Jicho la kushoto la mwanangu lilikuwa linakimbilia puani. Sisi nyumbani tulikuwa tumeamua ni madaha. Kwenye picha tulisema anaringa, anaangalia kamera kwa upande kama bwana harusi. Ni muuguzi wa kliniki ya chanjo aliyekataa madaha hayo na kututuma kwa daktari wa macho. Daktari alimulika, akapima, akatueleza pole pole, maana mume wangu alikuwa ameshatoa simu na anabishana na mtandao. Alisema jicho lile halina kidonda wala maumivu, ila linaona ukungu. Ubongo wa mtoto ukipewa jicho zuri na jicho la ukungu, haujisumbui, unatumia lile zuri na kulisahau jingine. Likisahauliwa mpaka mtoto akue, miwani haitalirudisha, hata ungeinunua ya dhahabu.

Kwa hiyo dawa zilikuwa mbili. Miwani kutwa nzima, yenye lastiki nyuma ya kichwa ili asiivue. Na kila siku, kwa saa chache, plasta juu ya lile jicho zima, linaloona vizuri, ili lile vivu likose pa kujificha na lianze kazi. Nilitoka pale nikiwa na hofu ambayo sikumwonyesha mtu. Niliogopa kwamba mwanangu atapoteza jicho ambalo halina ugonjwa wa kuonekana, na kwamba litapotea mikononi mwangu huku kila mtu akinipongeza kwa vile anavyonenepa.

Mimi nauza dawa za mifugo mjini. Mkulima anatoka Turbo na gumboot zake za matope, namwambia ndama apewe dawa hii asubuhi, isichanganywe na maziwa, irudiwe baada ya wiki. Anarudia maneno yangu yote kama anayeapa kortini. Hajawahi kuniambia shangazi yake alitumia karoti. Lakini likija jicho la binadamu, tena la mtoto wangu, kila mtu ana cheti. Karoti nililetewa mpaka nikaanza kuwapa kuku. Dada mmoja wa kanisani alinishauri niivue miwani kwa imani, nisimwaibishe Mungu mbele za watu. Nilimwuliza yake ataivua lini. Alisema yake ni ya kusoma Biblia, hiyo ni tofauti. Jirani yetu huku Kiplombe tunakoishi, ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba, alikuja na kikombe kidogo kimefunikwa sahani. Ndani kulikuwa na maziwa ya binti yake aliyejifungua, nimdondoshee mtoto machoni. Alikasirika nilipokataa. Aliona ninaringa, nayadharau maziwa ya binti yake.

Plasta ndiyo ilituvunja moyo. Ile siku ya kwanza nilipoibandika kwenye jicho zima, mwanangu alipiga nduru ambayo nadhani ilisikika mpaka Chepkoilel. Alijikuna, akajigonga kwenye mguu wa meza, akatambaa akilia kuelekea sauti yangu na kunipita. Kunipita, haki ya Mungu, nikiwa nimepiga magoti mbele yake. Mume wangu alitoka nje akajifanya anakagua tangi la maji. Yeye ni fundi wa maabara chuoni, mtu wa kupima mambo, lakini kilio cha mwanawe hana kipimo chake. Niliibandua kabla ya wakati, nikakaa sakafuni nikalia na mimi.

Likizo niliyoomba kazini ilikuwa imekwisha na yaya wa kwanza alituambia waziwazi hawezi kazi ya kutesa mtoto. Ndipo mama mkwe alipokuja kutoka shambani kutuokoa. Watoto wote wa ukoo wanamwita gogo, ndivyo bibi anavyoitwa huku, na yeye amelea watoto wengi kuliko hospitali. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono ya kukamua, na nyumbani mwake hakuna mtu aliyewahi kumwambia weka kikombe pale. Nilimweleza habari ya plasta kwa heshima zote. Nilimwonyesha jicho lipi. Nilisema, “Mama, ni hili zima ndilo tunafunika.” Aliitikia vizuri, “Eee, nimesikia,” mpaka nikaona aibu kwa kueleza sana.

Na mambo yakanyooka! Wiki hiyo hiyo kilio kilikwisha. Natoka asubuhi namwachia plasta mezani, naye anambandika mtoto baada ya uji na kumbandua kabla sijarudi, hata Jumapili nikiwa kanisani. Mchana nikipiga simu naambiwa yuko sawa, anacheza na vifuniko vya sufuria. Mara nyingine gogo alinitumia video iliyochukuliwa na mpangaji wetu kwa mbali, kutoka mlangoni. Mtoto ana plasta, ana miwani juu yake, anatambaa mbio nyuma ya paka na kumpata. Niliipeleka video hiyo kwenye kundi la simu la chama chetu cha kuweka akiba, nikaandika maneno marefu kuhusu uvumilivu. Wanachama wakajibu kwa mikono ya kupiga makofi. Kanisani walianza kuniuliza ni lini nitatoa ushuhuda. Nikaanza kuwashauri wazazi wengine dukani. Nasimama kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, nawaambia siri ni msimamo, mtoto akikuona una msimamo anatulia. Loo, nilikuwa na maneno!

Tulirudi kwa daktari nimevaa kama ninaenda kupokea zawadi. Alimweka mtoto mapajani mwangu, akamfunika jicho zima kwa kiganja. Mwanangu akapiga nduru ile ile ya siku ya kwanza. Akaurukia mkono wa daktari, akaukosa, akajikwaruza mwenyewe shavuni. Daktari akapima tena, kisha akapima mara nyingine.

“Plasta mnaweka?”

“Kila siku, daktari. Hata ushahidi wa video ninao.”

Hakuitaka video. Alichukua pamba akampangusa mtoto uso. Gogo humpaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ninayomletea mwenyewe kutoka dukani, anampaka mpaka anang'aa, huwezi kuona kitu. Mafuta yalipotoka, alama za plasta zilitokea, ngozi nyekundu yenye vipele imezunguka jicho la kushoto, lile gonjwa. La upande wa pili lilikuwa laini kama la mtoto aliyezaliwa jana.

“Mama,” daktari alisema, “hili mmelifunga kabisa. Lilikuwa linasahauliwa lenyewe, na nyinyi mmelisaidia. Tumerudi nyuma ya pale tulipoanzia.”

Kumbe mtoto alitulia kwa sababu hakufungwa kitu. Alifunikwa jicho ambalo halikuwa linaona, akaachiwa zima, akamfukuza paka. Na mimi nikaandikia watu kuhusu msimamo.

Safari ya kurudi nyumbani niliifanya nikipanga maneno. Mume wangu aliniomba nisimkasirikie mama yake. Nilimwambia anyamaze au ashuke. Lakini mama mkwe si mtu wa kupigiwa kelele, hiyo kila mwanamke aliyeolewa huku anaijua. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao nje ya jikoni, anachambua mboga za managu kwenye ungo, na maneno yote niliyopanga yakakauka. Nikauliza kwa sauti ndogo, “Mama, plasta huwa unaweka jicho gani?”

“Lile linaumwa,” alisema bila kuinua kichwa. “Wewe uliona wapi kidonda kiko mguu huu, bandeji inafungwa mguu ule? Hao madaktari ni watoto. Walikuambia vibaya, nikarekebisha. Si unaona ametulia?”

Hakuwa anaona aibu hata kidogo. Alikuwa ananisubiri nishukuru.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilijua pia jambo ambalo sote tunalijua na hatulisemi: gogo mwenyewe ana jicho la ukungu. Mboni yake imeingia weupe siku nyingi. Yeye husema ni moshi wa jikoni, nasi tunasema ndiyo, moshi. Kila tukitaja hospitali anakumbuka ng'ombe anayekaribia kuzaa. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilitoa plasta kwenye mkoba, nikamnyoshea kwa mikono miwili.

“Mama, kama ni kitu kidogo, hebu weka wewe. Kwa lile lako zima.”

Mume wangu alikohoa. Gogo aliniangalia, na nilidhani ndiyo siku ninarudishwa kwetu. Halafu akacheka kwa dharau, akabandua karatasi, akajibandika plasta kama mtu anayenionyesha upumbavu wangu. “Haya,” akasema. “Nimekufa?”

Akaunyosha mkono kwenye ungo kuendelea na mboga zake. Mkono ulishuka kando ya ungo. Akapapasa, akaupata ukingo, akauvuta kwake, majani yakamwagika. Hakuna aliyecheka. Mtoto alikuwa amejishikilia kwenye goti langu, hatua moja kutoka kwake, na kama kawaida akamwita kwa ile lugha yake ya ga-ga. Gogo aligeuza uso kuelekea sauti, akanyosha mikono yote miwili, na mikono ikakumbatia hewa iliyo kando ya mtoto.

“Yuko wapi?”

“Hapo mbele yako, Mama.”

“Naona sweta.” Akapunga mkono mbele yake. “Uso sioni. Naona kitu nyekundu tu.”

Sweta ilikuwa nyekundu, ndiyo. Alikaa vile, shingo mbele, kama anayejaribu kumtambua mtu ng'ambo ya mto. Hasira yangu ilikuwa imeondoka na sikujua imepitia wapi. Nilitaka kuibandua ile plasta mwenyewe.

“Hivi ndivyo ananiona?” aliuliza.

“Kwa jicho lile, karibu hivyo.”

“Na likiachwa?”

“Litabaki hivyo maisha yake yote. Lako linaweza kufanyiwa operesheni, Mama. Lake, akishakua, hakuna.”

Alibandua plasta taratibu, na nywele chache za nyusi zikatoka nayo. Hakusema pole. Gogo hasemi pole, na mimi sikuidai. Alimchukua mtoto, akamweka mapajani, akamwangalia uso kwa karibu sana, kila sehemu, paji, pua, kidevu, kama ameletewa leo. Kisha akaniambia nilete plasta nyingine.

Nilimletea. Aliibandika mwenyewe, kwenye jicho zima, akabonyeza kingo kwa kidole gumba, akamvisha miwani juu yake. Mtoto akageuza kichwa huku na huku akitafuta dunia imekwenda wapi. Halafu nduru. Alijipinda, akampiga gogo kifuani, akararua kola ya nguo yake. Jasho lilimtoka. Gogo alimshika mikono yote miwili kwa mkono wake mmoja, akamwimbia wimbo wa ndama, akalowa machozi na kamasi mpaka begani. Machozi mengine yalikuwa yake mwenyewe. Kilio kilizidi tu.

Mume wangu hakustahimili. Tangi la maji alikuwa ameshalikagua. Alikuja akainama, mkono tayari umeenda kwenye shavu la mtoto.

“Mama, mtoe plasta kidogo tu. Apumzike. Kesho tutaanza vizuri.”

Gogo aliupiga kofi mkono wa mwanawe, kofi la kweli, lile la utotoni.

“Kaa chini,” alimwambia. “Langu mimi lilienda kimya kimya, hata sikujua limeenda. La huyu wacha lipige kelele.”