Lori la Kirgiley Lilivyotema Oili

Mume wangu Kirgiley hamwamini mtu yeyote aliyewahi kushika spana. Fundi mwenzake akimsalimu, yeye hutazama mikono kwanza, ndipo aitikie. Akikaza nati huitia tone la rangi nyekundu, ili kesho yake ajue kama kuna aliyeigusa. Na baridi ile ninayoisimulia alizidisha. Alifunga unywele wa mkia wa farasi kwenye boneti ya lori lake, na kila asubuhi alikwenda gereji kuukagua kabla hata ya chai.

Asubuhi moja akaukuta umekatika. Alirudi mbio kuniita, nami nikavaa buti na kumfuata, maana nisingekwenda angenisumbua kutwa nzima.

"Ogdooya, njoo uone kazi ya kaka yako."

"Naona unywele umekatika."

"Umekatwa."

"Jana shoka langu lilimeguka kwa baridi nikipasua kuni. Nalo limemegwa na Platon?"

"Wewe mtetee tu. Damu yenu moja."

Hilo ndilo lililokuwa linanikereketa. Nina kaka mmoja tu, Platon, na mume mmoja tu, na wote wawili walifundishwa ufundi na baba yangu katika gereji ile ile ya magogo aliyoijenga kando ya ziwa. Baba alipofariki waliirithi pamoja, lori la huyu upande huu, la yule upande ule, jiko la kuni katikati. Kwa miaka walikula sahani moja. Sasa nilikuwa naona waziwazi kwamba nikicheza, kabla ya barafu kuyeyuka nitakuwa nimempoteza mmoja wao.

Chanzo kilikuwa nyasi. Wenye ng'ombe kijijini walimpa Kirgiley kazi ya kuleta nyasi kavu kutoka mabonde ya mbali, kazi ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa ya Platon. Platon hakusema kitu. Mume wangu akaona kule kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Haukupita muda, lori likaanza kutema oili. Ile sili ya nyuma ya injini, inayozuia oili isitoke, ilikuwa inasukumwa nje ya mahali pake, na oili yote inamwagika kwenye theluji. Kirgiley anatia sili mpya, lori linakwenda safari mbili tatu, baridi inakaza, sili inatoka tena.

Asiyewahi kufungua injini katika baridi yetu asimcheke. Sili ile haifikiwi mpaka ushushe giaboksi. Ukivaa glavu nene huishiki nati, ukizivua chuma kinaondoka na ngozi yako. Mpira unavunjika kama biskuti. Bolti iliyokaa vizuri kiangazi kizima inakatika kichwa kwa kuiangalia tu. Hata ndani ya gereji, jiko linakuunguza mgongo huku miguu haina habari. Kirgiley alikuwa anarudi nyumbani amekunja vidole, hawezi kushika kijiko, namlisha supu mimi, naye kati ya kijiko na kijiko anamtaja kaka yangu.

"Sili haitoki yenyewe."

"Kula."

"Ana ufunguo wa gereji. Anajua injini. Ana sababu. Unataka nini tena?"

"Nataka ule."

Kisha Platon akaliondoa lori lake gereji. Hakuaga. Alilipeleka kwenye banda la jirani yake, banda bovu lenye matundu, ambako hata ndama angekataa kulala. Kirgiley alifurahi kama mtu aliyeletewa ushahidi mezani. Mimi nami, niseme kweli, hapo moyo wangu ulianza kuyumba. Mtu gani anaacha jiko la baba yake kwenda kulaza injini kwenye banda la matundu? Nilimkuta Platon ziwani, kwenye shimo la kuchotea maji katika barafu, nikamuuliza.

"Kaka, kwa nini umehama?"

Ndevu zake zilikuwa nyeupe kwa barafu. "Muulize mumeo," akasema, akabeba ndoo zake.

Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Halafu tukapata habari kwamba binti yetu Tuyaara amejifungua mjini Yakutsk. Nilijaza sanduku: maziwa yaliyogandishwa, nyama ya mwanafarasi, samaki, maandazi bapa ya siagi. Kwetu hakuna anayeshika njia ya baridi peke yake. Malori yanakwenda mawili mawili, na injini haizimwi mpaka umefika. Wala hakuna anayempita mwenzake aliyekwama. Unaweza kuwa umemchukia, anaweza kuwa amekuibia mke, utasimama. Platon, mjomba wa Tuyaara, naye alitaka kumwona mtoto, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba yeye na Kirgiley wataongozana. Platon akatuma mtu kuuliza tunaondoka lini.

"Mwambie mimi siongozani na mtu anayenilegezea injini," mume wangu akajibu. Nilikuwa jikoni, nikachelewa kumziba mdomo.

Platon akaondoka alfajiri peke yake. Sisi tukaondoka kulipokucha, peke yetu. Wajinga wawili kwenye njia moja, na mimi nimebanwa na sanduku la nyama.

Tulimwona tulipokuwa juu ya barafu ya mto. Ukungu wa baridi ulikuwa mzito, kwanza tukaona moshi mweusi, kisha moto wa tairi, kisha lori limeegemea ukingo wa theluji, boneti wazi. Kaka yangu alisimama kando ya moto, mkono mmoja juu.

Kirgiley hakupunguza mwendo.

"Simama," nikasema.

"Anataka nishuke. Nikishuka, nikiinama kwenye injini yake, ya kwangu inabaki peke yake."

"Kirgiley, simama."

"Hiyo ni mbinu. Ninamjua."

Tukampita. Nilimwona kwa dirisha, karibu kabisa, akiushusha mkono taratibu. Nimeishi na mume wangu miaka mingi na nimemwonea aibu mara kadhaa, lakini siku ile nilimwogopa. Nikafungua mlango wa lori. Baridi iliingia mara moja, kioo cha mbele kikageuka cheupe, akawa haoni kitu.

"Funga mlango, mwanamke! Utatuua!"

"Usiporudi naruka. Nitatembea mpaka pale, na mjukuu wako utakwenda kumwambia mwenyewe bibi yake alifia wapi."

Alijua sitanii. Lakini njia pale ilikuwa nyembamba, kuta za theluji huku na huku, na lori refu haligeuki popote unapotaka. Ilibidi twende mbele mpaka kwenye upana wa kupishania, ndipo tugeuze. Nikafunga mlango, akakwangua kioo, tukaenda.

Tulipofika, Platon alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. Aliposikia injini akatoka. Mkono wake wa kulia haukuwa na glavu. Nilishuka wa kwanza, nikamega andazi nikautupia moto, maana kwetu moto hulishwa kwanza, kisha nikamvalisha kaka yangu glavu yangu ya manyoya. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vigumu.

"Kwa nini umevua glavu?"

"Niliona hakuna atakayesimama. Nikasema nijaribu mwenyewe."

Kirgiley akakaribia na sanduku lake la spana. Platon akajiweka kati yake na boneti.

"Wewe usiguse."

"Niache nione."

"Umeshagusa vya kutosha, shemeji. Mara mbili tangu ziwa ligande nimetia sili mpya, mara mbili umeitoa. Nikahamishia lori bandani, bado ukanifuata. Sijui ulipitia tundu gani."

Kirgiley akabaki mdomo wazi. Katika baridi ile si jambo la busara, meno yanauma.

"Mimi? Mimi nikutolee sili? Ya kwangu imetoka mara ngapi! Nani aliyekata unywele?"

"Unywele gani?"

"Wa farasi. Kwenye boneti."

Platon akanigeukia. "Dada, huyu ni mzima?"

Nilikuwa natazama chini. Oili nyeusi ilikuwa imemwagika kwenye theluji ikaganda, mahali pale pale inapomwagikia ya kwetu, umbo lile lile. Niliyafua mashati yenye oili ile baridi nzima, naijua.

"Nyie wawili," nikasema, "mmoja wenu aingie chini kabla sijamsukuma. Mtuhumiane mkiwa mnafanya kazi."

Aliingia Kirgiley. Platon aliinama kumchunga asije akaharibu kitu, mkono mmoja kwenye glavu yangu, mwingine umeshika tochi. Nilisikia spana ikigonga, kisha mume wangu akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Huu mpira wa pumzi, nani ameurefusha?"

Injini nayo inapumua. Ina mpira unaotoa mvuke wake nje, na kwa kawaida mpira huo ni mfupi.

"Mimi," Platon akasema. "Ili moshi wa oili usiingie kwa dereva. Baba alinifundisha."

"Alikufundisha wewe?"

"Mimi peke yangu. Aliniambia nisimwambie mtu."

Kirgiley alitoka chini polepole, akakaa kwenye theluji. "Mimi pia aliniambia nisimwambie mtu," akasema.

Wakaufungua mpira wa lori la Platon. Ulikuwa umeziba kwa barafu kutoka mdomoni hadi katikati. Wakaenda kwenye letu, ambalo lilikuwa linanguruma bado, wakaupapasa wa kwetu. Barafu ilikuwa imebakiza upenyo wa kupitisha kijiti. Pumzi ya injini ikikosa pa kutokea inasukuma sili, basi. Katika lori kuukuu la baba mpira ule mrefu ulipita ubavuni mwa bomba la moshi, ukapata joto siku zote. Katika malori haya bomba la moshi liko upande wa pili, na baridi ya mwaka ule ilipita zote. Wanaume wawili wazima waliiga kitu cha marehemu bila kuuliza kwa nini, kila mmoja akakificha, na kilipowaharibia kila mmoja akamtazama mwenzake.

Waliikata mipira yote miwili kwa msumeno wa chuma, maana kisu hakikuingia. Hawakusameheana, hawakucheka. Platon alisema tu, "Kata sawa," na Kirgiley akasema, "Nakata sawa." Safari ya Yakutsk ikaishia hapo; tukalifunga lori lake kwa mnyororo tukalivuta kurudi kijijini kwetu, na mimi nilikaa na kaka yangu, mkono wake nimeutia kifuani mwangu chini ya koti. Ulipoanza kupata uhai alilia kwa maumivu, mtu mzima yule.

Muuguzi aliokoa vidole vitatu. Kidole cha shahada na cha kati vilikatwa kwenye kiungo cha juu. Kwa fundi, hivyo ndivyo vinavyoijua nati.

Sasa, kwetu madereva hukusanyika kunywa chai kwenye nyumba ya tanuri linalopasha joto shule. Waliuona mkono wa Platon wakauliza. Platon akawaambia alivua glavu kwa ujinga wake, shemeji yake akamkuta akamvuta. Hivyo tu. Akanywa chai yake kwa mkono wa kushoto.

Kirgiley alirudi siku ile hana raha.

"Kwa nini hasemi?"

"Hasemi nini?"

"Kwamba nilimpita. Anaweka akiba. Anangoja siku nzuri ya kunimaliza."

"Huenda hataki tu kukuaibisha."

"Mtu hawezi kuwa hivyo bure."

Hakulala, hakula vizuri, alikwenda kwenye chai kila siku kuuchungulia uso wa kaka yangu. Kila siku Platon alimsogezea sukari. Nilimwona mume wangu anakonda kwa sukari ile. Mwisho alishindwa. Nilikuwa nimewapelekea maandazi, nikasikia kwa masikio yangu akisema mbele ya wote, kikombe mkononi:

"Mimi nilimpita. Alinyoosha mkono na mimi nikampita. Ni huyu mke wangu aliyenirudisha."

Hakuna aliyemtukana. Mzee mmoja aliweka kikombe chini akaanza kuvaa kofia. Wengine wakafuata. Platon alibaki ameinamisha kichwa, akasema, "Nani alikuuliza?"

Baada ya hapo hakuna lori lililokuwa tayari kuongozana na letu. Huyu betri yake mbovu, yule anangoja dizeli isiyoganda, mwingine mke wake anaumwa, na saa hiyo hiyo mke mwenyewe yuko dukani ananisalimia. Nyasi za watu zilibaki mabondeni chini ya theluji, na mjukuu wangu bado sijamtia machoni. Kirgiley alikaa gereji na jiko la baba, injini imepona kabisa, hana pa kwenda nayo. Hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililonitia hofu, maana tangu nimjue hajawahi kukosa wa kumlaumu.

Asubuhi moja nikasikia injini inanguruma nje ya lango letu. Haikuwa ya kwetu. Nilifuta barafu kwenye kioo, nikaona lori la Platon, na Platon mwenyewe ndani, mkono wenye bandeji juu ya usukani. Kirgiley alitoka na koti moja tu, akasimama kwenye theluji kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Unataka nini?"

"Mtoto wa Tuyaara atatembea kabla hatujamwona," Platon akasema. "Washa lori."

"Unaongozana na mimi?"

"Naongozana na wewe. Ila wewe utatangulia," kaka yangu akasema. "Nataka nikuone mbele yangu njia nzima."

Kirgiley akaenda kuwasha.