Sikio la Fundi

Fundi mkuu wa kiwanda cha nyuzi ana sikio moja la kazi. Lile jingine, husema mwenyewe, ni la maneno ya mkewe. Kila asubuhi hupita mashine baada ya mashine, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, akafumba macho, kisha akaupapasa ubavu wa mashine na kusema, "Mzima huyu." Kiwandani humo kila mtu humwamkia shikamoo, hata meneja.

Ndipo akaja binti wa kompyuta, akabandika kwenye kila mashine kidude cha kupima mtetemo, kisichozidi kifuniko cha soda. Jana kidude kimoja kikapeleka habari kwenye simu ya binti: beringi ya mashine ya saba inaugua. Fundi akaisikiliza mashine mara tatu kwa bisibisi yake. "Mzima huyu, mjukuu wangu. Mkikuta ufa, bisibisi hii chukua wewe." Mashine ikazimwa, ikafunguliwa. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Fundi akaupitishia ukucha, akarudia tena, kinywa wazi. Akamnyooshea binti bisibisi. Binti akairudisha kwa mikono miwili. Basi mzee akachuchumaa mbele ya kile kidude, akakifuta vumbi la pamba kwa leso yake, akavua kofia.

"Shikamoo," akasema, wala hakuwa anatania.

"Babu, hicho bado kichanga," binti akacheka. "Hakijui kuitikia."

"Kitajifunza," fundi akasema, akatega sikio lile la kazi.